Mazuku, Hewa Inayoua Bila Kuonekana

Wazee husema: «Mwenye macho haambiwi tazama.» Ni neno la kweli, na kila mwenye busara hulifuata. Njiani hutazama nyoka, barabarani hutazama gari, sokoni hutazama mwizi. Lakini kaskazini ya ziwa Kivu, kati ya Goma na Sake, yuko adui ambaye macho peke yake hayatoshi kumtambua. Hana rangi, wala harufu, wala sauti. Watu wa huko humwita mazuku, maana yake upepo mbaya unaoua watu usiku.

Wasomaji wapenzi, mazuku si uchawi. Ni hewa itokayo chini ya ardhi. Nchi ile imekaa chini ya milima miwili ya moto, Nyiragongo na Nyamulagira. Nyiragongo ulitapika moto mwaka 1977, tena 2002, tena 2021, na watu wote waliuona. Lakini hata mlima ukitulia, ardhi yake huendelea kupumua. Katika nyufa za mawe meusi hutoka hewa ambayo wenye elimu huiita kaboni dioksidi. Ndiyo hiyo tunayoitoa kifuani tunapopumua, ndiyo pia ifanyayo povu katika chupa ya limonadi. Ikiwa kidogo, haina madhara: katika hewa ya kawaida haifikii hata sehemu 1 katika 1,000. Lakini ikipita sehemu 10 katika 100, mtu huzimia kwa dakika chache, na akibaki pale hufa.

Mtu aweza kuuliza: Kwa nini inaua hapa, na hatua chache kando haiui? Sababu ni uzito wake. Inapita hewa ya kawaida kwa uzito kama mara moja na nusu. Kwa hiyo hutelemka kama maji, ikajaa katika mabonde madogo na mashimo kama maji yajaavyo katika beseni. Mtu mzima akisimama, huenda kichwa chake kiko juu ya hewa ile, kumbe mtoto anayemshika mkono amekwisha kuzama ndani yake. Na yule mzima akiinama kuokota kuni, amezama naye.

Tena iko saa yake. Usiku na alfajiri, upepo ukiwa umelala, hewa hiyo hujikusanya. Jua likipanda na upepo ukivuma, mara nyingi hutawanyika. Ndiyo maana bonde ambalo watoto walilichezea jana adhuhuri bila shida laweza kuua mchungaji kesho alfajiri. Hata hivyo, tusidhani kwamba mchana kila bonde ni salama, kwa maana mengine yenye kina huwa na hewa hiyo mchana kutwa.

Tusidharau jambo hili. Huko Kameruni, usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, hewa ya namna hii ilitoka kwa ghafula katika ziwa Nyos, ikatelemka mabondeni, ikaua watu wapatao 1,700 pamoja na ng’ombe wao.

Basi, tufanye nini? Kwanza, tuzijue alama. Ukiona bondeni wadudu, ndege, nyoka au mbuzi waliokufa bila jeraha, usitelemke kwenda kuokota nyama: kilichowaua kingali pale. Penye kibao cha kuonya, tukitii. Lakini si kila bonde lina kibao, kwa hiyo mgeni na awaulize wenyeji kabla ya kupiga hema au kujenga nyumba. Mwaka 1994 watu mamia ya elfu walikimbilia Goma kutoka Rwanda, wakalala juu ya mawe yale bila kuijua nchi. Mgeni wa namna hiyo hana mwalimu ila jirani yake.

Pili, tuusikilize mwili. Ukihema kama mtu aliyekimbia, nawe hukukimbia; kichwa kikiwa kizito, au masikio yakivuma, usikae chini kupumzika. Panda juu mara moja, mahali penye upepo. Wengine hutegemea taa: wanasema, ikiwaka, hakuna hatari. Wanakosea. Moto waweza kuendelea kuwaka mahali ambapo mtu amekwisha kuanza kulegea. Kadhalika kitambaa chenye maji puani hakizuii hewa hii hata kidogo.

Tatu, na hili ndilo gumu kuliko yote: ukimwona mwenzako ameanguka bondeni, usimfuate mbio. Moyo utakusukuma, hasa akiwa ni mwanao. Lakini ukitelemka, utaanguka karibu naye, na yule ajaye kukuokoa ataanguka juu yako. Baki juu, piga kelele, ita watu. Kama kamba au mti mrefu waweza kumfikia, mvuteni mkiwa juu. Mkiisha kumtoa, mlazeni mahali pa wazi penye upepo, na anayejua kazi ya kumpulizia mtu pumzi aianze pale pale, huku wengine wakitafuta mganga. Kujizuia hivyo si woga. Ni kuhakikisha kwamba yupo mtu wa kumwokoa.

Ninyi wazazi mnaokaa katika nchi ile, msingoje mwalimu awafundishe watoto wenu. Siku moja, jua likiwa juu na upepo ukivuma, tembeeni nao kandokando ya mabonde ya kijiji, mkiwa juu. Waonyesheni moja moja, kila moja na jina lake, mwaambie: hapa tusipite alfajiri, hapa tusipite kamwe. Ninyi wanafunzi, mkiisha kuyajua, wafundisheni wadogo zenu wachungao mbuzi. Wao ni wafupi kuliko ninyi, na hewa hiyo huwafikia wao kwanza.