TABO KWENYE GARI LA MLIMANI: TUULIZE KABLA YA KUTOA PESA



Safari hii tuzungumze juu ya kitu ambacho wengi tumekisikia kwa mafundi, lakini wachache tumekiona kwa macho. Kitu hicho ni tabo. Utasikia kijana anasema, "Gari hii ina tabo bwana, mlima hauioni." Je, tabo ni nini? Inafanya kazi gani? Na gari lisilokuwa nayo linaweza kuwekewa?

Maswali haya si ya vijana wa mjini tu. Yanatuhusu sisi wa Mgeta, Nyandira, Kinole na Matombo. Kabichi, karoti, ndizi na iliki zetu haziendi sokoni zenyewe. Zinapanda gari, na gari linapanda mlima.

Kikundi kimoja cha wakulima wa mboga kina pikapu, Land Cruiser ya dizeli yenye injini iitwayo 1HZ. Injini hii inajulikana sana Tanzania. Ina silinda 6 na ukubwa wa lita 4.2, na ilitoka kiwandani bila tabo. Ni imara, lakini ikiwa na mzigo mlimani inakwenda taratibu. Fundi mmoja akawaambia: "Leteni pesa, nawafungia tabo kwa siku mbili. Gia namba moja mtaisahau."

Wanakikundi wakafurahi. Mwenyekiti alikuwa tayari kulipa siku ile ile. Lakini mweka hazina, mama aliyejifunza kusoma ukubwani, aliomba kwanza karatasi ya gharama. Akaisoma mstari kwa mstari, kidole kikifuata maneno. Halafu akauliza: "Fundi, hapa umeandika tabo iliyotumika. Imetumika wapi, na kwa muda gani? Na kazi ya kurekebisha pampu ya dizeli mbona haimo?" Fundi akakosa jibu. Pesa ikarudi kwenye sanduku, na karatasi ikaletwa kwangu.

Mimi si fundi, ni mwalimu. Basi tulikwenda pamoja kwa makanika wengine wawili tukauliza. Ninayoyaandika hapa ni yale tuliyojifunza, pamoja na yale niliyoyasoma.

INJINI NAYO INAPUMUA

Moto hauwaki bila hewa. Mama akitaka jiko la mkaa liwake haraka, analipepea. Mhunzi naye anatumia mivukuto. Injini ni hivyo hivyo. Inavuta hewa, inaibana, inachoma mafuta, halafu inatoa moshi. Hewa ikiwa nyingi, mafuta mengi zaidi yanaweza kuungua vizuri, na nguvu inaongezeka.

Sasa, hewa ya mlimani ni nyepesi kuliko hewa ya pwani. Chukua mfano wa ndoo. Mahali penye urefu wa mita 1,500 juu ya bahari, hewa inayojaza ndoo 7 ina uzito sawa na hewa ya ndoo 6 tu za Dar es Salaam. Ndiyo maana injini isiyo na tabo inachoka ikipanda. Haikulogwa. Imekosa pumzi.

Tabo ni kifaa chenye umbo la konokono wawili waliogeuziana migongo. Ndani yake mna feni mbili ndogo zilizofungwa kwenye mhimili mmoja. Moshi unaotoka kwenye injini unasukuma feni ya kwanza. Feni hiyo ikizunguka, inaizungusha na ya pili. Feni ya pili inavuta hewa safi na kuisukuma ndani ya injini kwa nguvu. Yaani moshi uliokuwa unapotea bure sasa unapewa kazi.

Jambo hili si jipya. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliandikisha wazo lake mwaka 1905. Mwaka 1918, Mmarekani Sanford Moss alipeleka injini ya ndege juu ya mlima Pikes Peak, wenye urefu wa mita zaidi ya 4,200. Kule chini, injini ile ilikuwa na nguvu za farasi 350. Juu ya mlima, bila tabo, ilitoa 230 tu. Ilipowekewa tabo ilitoa 356. Kwa hiyo tabo si uongo wa mafundi. Inafanya kazi, na mlimani ndiko inakoonekana zaidi.

GARI LA MBIO NA GARI LA KABICHI

Wengine wameisikia tabo katika mashindano ya Safari Rally. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, na miaka ile ya mwanzo yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Toyota Celica yenye tabo ilishinda mwaka 1984, 1985 na 1986, miaka mitatu mfululizo.

Lakini tusidanganyike. Gari la mbio linafuatwa na mafundi wenye vipuri. Likifika mahali pa kupumzika, linakaguliwa na kubadilishwa vitu. Injini yake haitegemewi kuishi miaka 20. Pikapu yetu inategemewa na familia nyingi, na ikiharibika mlimani, karoti zinaozea humo humo. Kwa hiyo tabo inayomfaa dereva wa mbio siyo inayomfaa mkulima.

Tabo kubwa inachelewa kuamka. Inataka injini izunguke kwa kasi kwanza, ndipo isukume hewa. Tabo ndogo inaamka mapema, wakati injini bado inazunguka polepole. Gari la mizigo linapanda taratibu kwa gia ndogo. Kwa hiyo linahitaji tabo ya kiasi, iliyopimwa kwa injini ile ile. Ukubwa siyo ubora.

INJINI ISIYOZALIWA NA TABO

Hapa ndipo penye hatari. Tabo ikileta hewa nyingi, fundi anaongeza dizeli kwenye pampu ili nguvu ipande. Nguvu ikipanda, joto nalo linapanda. Injini iliyotengenezwa kwa ajili ya tabo imeandaliwa kulistahimili joto hilo. Injini nyingine hazikuandaliwa.

Toyota wenyewe wametupa somo. Mwaka 1990 walitoa injini nyingine ya lita 4.2, iitwayo 1HD-T, yenye tabo. Hawakuchukua 1HZ wakabandika tabo basi. Walibadilisha pistoni, silinda hedi na namna ya kunyunyiza dizeli. Hata kubana hewa walipunguza. 1HZ inabana hewa zaidi ya mara 22. 1HD-T inabana kama mara 18 na nusu. Kama kiwanda kilibadilisha vyote hivyo, sisi tunaofunga tabo kwa siku mbili tujiulize mara mbili.

Je, maana yake haiwezekani? Inawezekana. Wako wengi waliofunga tabo kwenye 1HZ na magari yanatembea. Lakini waliofaulu ni wale waliotosheka na nguvu kidogo. Msukumo wa hewa usizidi nusu ya uzito wa hewa ya kawaida. Mafundi wanaiita nusu ba, au pauni 7. Anayetaka zaidi ya hapo anaweza kupasua silinda hedi au kuyeyusha pistoni.

Kwa gari la petroli, hatari ni kubwa zaidi. Petroli ikibanwa sana inalipuka kabla ya wakati wake. Utasikia injini inagonga kama mtu anapiga debe. Mgongo huo ukiendelea, pistoni inatoboka.

KABLA YA KUFUNGA: PIMA AFYA YA INJINI

Huwezi kumtwika mgonjwa gunia. Kwanza injini ipimwe:

1. Mgandamizo wa kila silinda upimwe kwa geji. Silinda zote zikaribiane.
2. Tazama kama injini inakula oili, au inatoa moshi mwingi kwenye tundu la kupumulia.
3. Rejeta iwe safi, na maji yasipungue.
4. Nozeli na pampu ya dizeli zipimwe.
5. Klachi iwe nzima, maana nguvu ikiongezeka klachi dhaifu itateleza.

Injini ikishindwa hata moja, rekebisha hilo kwanza. Mara nyingi utakuta gari lilikuwa halikosi tabo. Lilikuwa limeziba chujio la hewa kwa vumbi la kiangazi, au nozeli zimechoka.

UKINUNUA TABO ILIYOTUMIKA

Shika mhimili wake kwa vidole. Ukicheza kidogo sana pembeni, si kitu. Lakini ukiusukuma ndani na nje ukasikia unacheza, iache. Tazama mapanga ya feni. Yasiwe yamemegeka, wala yasiwe na alama za kusugua ukuta. Tazama kama mna oili ndani ya njia ya hewa. Na uandikiwe risiti inayosema ni tabo ya aina gani, imetoka injini gani, na itarudishwa ndani ya siku ngapi ikiwa mbovu. Risiti ya mdomo haisomeki.

WAKATI WA KUFUNGA

Feni za tabo zinaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja. Mhimili unaelea juu ya oili nyembamba. Oili ikikosekana kwa muda mfupi tu, tabo imekufa. Kwa hiyo simama hapo hapo gereji, uangalie mambo haya:

Bomba la kuleta oili liwe safi kabisa ndani. Fundi asipake gundi ya gasketi kwenye njia ya oili, kwa sababu kipande kikikatika kinaziba.

Bomba la kurudisha oili liwe nene, na literemke moja kwa moja. Oili inarudi kwa kushuka tu, kama maji ya mfereji.

Chujio la hewa liwe zuri, na mipira ya hewa ikazwe vizuri. Vumbi likipenya, linatafuna mapanga.

Ekzosi iwe pana, ili moshi utoke bila kubanwa.

Ziwekwe geji mbili: moja ya msukumo wa hewa, nyingine ya joto la moshi. Joto hilo, likipimwa kabla ya tabo, lisiachwe kupita digrii 650 hadi 700. Gari lenye tabo ya kuongeza bila geji ni kama kupika gizani.

Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, injini izungushwe kwa staata bila kupata dizeli, mpaka oili ifike kwenye tabo.

Moshi mweusi mzito baada ya kazi siyo dalili ya nguvu. Ni dalili ya dizeli iliyozidi hewa. Mwambie fundi apunguze. Pia ulize kampuni ya bima na polisi wa usalama barabarani kabla ya kubadilisha gari lako, usije ukapata ajali ukaambiwa bima haikuhusu.

DEREVA NAYE AFUNDISHWE

Akiwasha gari, asikanyage mafuta papo hapo. Asubiri oili ipande. Akifika juu na injini imechemka, asizime mara moja. Aiache ingurume taratibu dakika 2 au 3, tabo ipoe. Oili ibadilishwe kila kilomita 5,000, au mapema zaidi.

Sasa wajomba, sikilizeni neno kubwa kuliko yote. TABO INAPANDISHA, HAISHUSHI. Haiongezi breki. Haiongezi springi, wala tairi, wala uzito ambao gari limeruhusiwa kubeba. Gari lililokuwa linashindwa kupanda na magunia 20 likiweza kupanda nayo, litashuka nayo vile vile, na watu wamekaa juu ya magunia. Barabara zetu mnazijua. Upande mmoja ukuta, upande mwingine korongo. Anayeweka tabo bila kutengeneza breki ananunua msiba.

TUPIGE HESABU

Tuchukue mfano, ni mfano tu. Tabo, mabomba, geji na ufundi vimegharimu shilingi 4,000,000. Kwa kuwahi soko, kikundi kinapata faida ya ziada shilingi 20,000 kila safari. Safari ni 2 kwa wiki. Basi kwa wiki ni shilingi 40,000. Gawa 4,000,000 kwa 40,000. Jibu ni wiki 100, karibu miaka miwili, kabla pesa haijarudi. Na hapo injini isiharibike.

Wale wanakikundi walipiga hesabu yao wenyewe, kwa namba zao, mbele ya wote. Waliamua kupima nozeli, kununua chujio jipya la hewa, kuzibua rejeta na kubadilisha breki zote nne. Magunia wakapunguza. Pikapu haipandi kama swala, lakini moshi mweusi umepungua na inafika. Suala la tabo wameliweka kwenye muhtasari wa mkutano, walijadili tena wakipata akiba. Mweka hazina ndiye aliyeuandika.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini injini inachoka mlimani kuliko pwani?
2. Taja mambo matatu ya kupima kabla ya kufunga tabo.
3. Gari la kijijini kwenu likikosa nguvu, mtaanza kuangalia nini?
4. Pigeni hesabu: kama gharama ni shilingi 3,000,000 na faida ya ziada ni shilingi 30,000 kwa wiki, pesa itarudi baada ya wiki ngapi?