Kabla hujauza ng'ombe ununue jino jipya

WAKO watu wazima katika Kisii na Nyamira ambao hawajacheka hadharani kwa miaka mingi. Wakichekeshwa huinua kiganja wakaziba mdomo, na wakipigwa picha ya harusi hufumba midomo kama watu waliokasirishwa na bwana harusi. Si majivuno. Ni pengo. Kuna waliopoteza jino katika ajali ya bodaboda, kuna waliong'olewa baada ya kukesha usiku kucha wakishika shavu, na kuna wasiokumbuka hata lilitoka vipi.

Siku hizi habari zimeenea kwamba liko jino linaloweza kupandwa katika taya na likashika kama lile la kuzaliwa. Ni kweli. Lakini bei yake huzungumzwa kwa malaki, si kwa elfu chache, na inaweza kumfanya mtu auze ng'ombe au akope chamani. Kwa hivyo ni heri msomaji ajue anachonunua, na ajue pia ni nani hasa kinayemfaa.

Kwanza tulitazame pengo lenyewe. Mtu mzima aliyekamilika ana meno 32. Moja likitoka, majirani zake hawatulii. Yale ya kando huanza kuinama kuelekea nafasi iliyo wazi, na lile lililokuwa likikutana nalo kutoka taya la pili hujitokeza polepole kana kwamba linamtafuta mwenzake. Chakula hunasa mahali ambapo zamani hakikunasa, na meno yaliyokuwa mazima nayo huanza kuoza. Obokima na chinsaga mtu ataendelea kula bila shida. Muwa na mahindi ya kuchoma ndiyo yatakayomkumbusha.

Hasara kubwa zaidi haionekani kwenye kioo. Ni ya mfupa wa taya. Mfupa huu huishi kwa kazi: unapotafuna, mzizi wa jino huusukuma, nao hujijenga. Mzizi ukiondoka, mfupa hunywea. Mahali palipong'olewa jino la kutafunia panaweza kupoteza karibu nusu ya upana wake katika miezi 12 ya kwanza, na sehemu kubwa ya hasara hiyo hutokea katika miezi mitatu ya mwanzo. Hii ndiyo sababu mzee asiye na meno mashavu yake huingia ndani na kidevu kikakaribia pua. Watu husema ni uzee, kumbe ni taya limekosa kazi.

Njia za zamani za kuziba pengo bado zipo, na hazifai kudharauliwa. Ya kwanza ni meno ya kutoa na kutia, ambayo hutengenezwa kwa plastiki maalumu na wakati mwingine kwa chuma. Haya hukaa juu ya ufizi. Ni ya bei nafuu kuliko mengine, hayahitaji upasuaji, na yakitengenezwa vizuri mtu hula na kuongea. Ubaya wake ni kwamba hayazuii mfupa kunywea, kwa hivyo baada ya miaka kadhaa hulegea na kuanza kucheza mdomoni. Ya pili ni daraja, yaani jino bandia linaloshikiliwa na meno mawili ya kando. Daraja hukaa imara, ila ili litengenezwe lazima meno hayo mawili yachongwe, hata kama yalikuwa mazima.

Anayeona aibu kuvaa meno bandia na akumbuke kwamba George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alipoapishwa mwaka wa 1789 alikuwa amebakiwa na jino moja tu la kwake. Mengine yalikuwa bandia, na baadhi ya meno aliyovaa yalichongwa kutoka kwa pembe ya kiboko. Ni mateso ambayo mzee wa leo kule Keroka au Ogembo hana haja ya kuyapitia.

Njia ya tatu ndiyo hii inayozungumzwa sana: jino la kupandikizwa. Ilianza kwa bahati. Mwaka wa 1952 mtafiti wa Uswidi, Per-Ingvar Brånemark, alikuwa akichunguza jinsi mfupa wa sungura unavyopona. Alikuwa ametia kifaa cha titaniamu ndani ya mfupa wa mguu, na alipotaka kukitoa alikuta hakitoki. Mfupa ulikuwa umeshikana na chuma. Mwaka wa 1965 alimtibu mtu wa kwanza, Gösta Larsson, aliyekuwa na kasoro ya taya na hana meno ya chini. Larsson aliyatumia meno yake mapya kwa zaidi ya miaka 40, hadi alipofariki mwaka wa 2006.

Kinachopandwa basi si jino, bali mzizi. Ni skrubu ndogo ya titaniamu, mara nyingi yenye urefu wa karibu milimita 10 na unene wa karibu milimita 4. Daktari hudunga dawa ya ganzi, hufungua ufizi, hutoboa mfupa kwa uangalifu na kuikaza skrubu humo. Kisha huja kazi ngumu kuliko zote, nayo ni kungoja. Kwa kawaida mfupa hupewa miezi kadhaa ushikane na chuma: karibu miezi mitatu kwa taya la chini, na hata sita kwa taya la juu ambalo mfupa wake ni laini. Baadaye ndipo kipande cha kuunganishia huwekwa, na juu yake kifuniko chenye rangi na umbo la jino.

Abagusii hawahitaji kufundishwa kwamba mfupa ulio hai unaweza kuguswa na ukapona. Wapasuaji wao wa jadi, ababari, walisifika mbali kwa kufungua kichwa cha mtu aliyepigwa rungu na kukwangua fuvu lake, na madaktari wa kigeni waliandika habari zao katika karne ya 20. Sisemi mtu amrudie omobari kwa ajili ya jino! Nasema tu kwamba hofu ya 'kutobolewa mfupa' si sababu nzuri ya kulikataa tiba hili. Sababu nzuri ni nyingine.

Mojawapo ni afya. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa hupona vibaya, na skrubu yake inaweza kulegea. Mvutaji sigara vivyo hivyo. Mwenye fizi zinazotoka damu na usaha atibiwe fizi kwanza, maana ugonjwa ulioangusha jino la kwanza utakuja kuangusha na la pili. Titaniamu haiozi, lakini ufizi na mfupa unaoizunguka huweza kuoza, kwa hivyo mswaki hauachwi. Aliyetibiwa kwa miale ya saratani sehemu za kichwa, au anayetumia dawa za kuimarisha mifupa, lazima amweleze daktari mapema. Naye kijana ambaye bado anakua angoje. Taya likiendelea kukua skrubu haikui nalo, na jino hilo hatimaye huonekana limezama.

Aliyekaa na pengo miaka 10 huenda akaambiwa mfupa uliobaki hautoshi, na kwamba lazima kwanza aongezewe mwingine. Hiyo ni gharama juu ya gharama. Hivyo, ukiwa unang'olewa jino leo na unafikiria pandikizi siku za usoni, lizungumze siku hiyo hiyo.

Kwa maoni yangu, anayehitaji tiba hili kuliko wote ni yule mzee asiye na jino hata moja katika taya la chini, ambaye meno yake bandia yanaruka kila akipiga chafya. Wengi hudhani atahitaji skrubu 14. Wataalamu waliokutana katika Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, mwaka wa 2002 walikubaliana kwamba skrubu mbili tu, zilizowekwa sehemu ya mbele, zinatosha kuyashika meno ya kutoa na kutia yasicheze. Watoto wanaochangia pesa ili baba ale vizuri na waulize kuhusu mbili hizo kabla ya kukata tamaa kwa sababu ya bei.

Swali la pili ni nani atakayeifanya kazi. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii ina idara ya meno, na hapo ni mahali pazuri pa kuanzia uchunguzi hata kama utaelekezwa kwingine. Shule ya udaktari wa meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyoanza mwaka wa 1974, ina hospitali yake ya mafunzo. Popote utakapokwenda, una haki ya kuuliza kama daktari yumo katika rejista ya baraza la madaktari na madaktari wa meno, ni mapandikizi mangapi amewahi kufanya, na bei anayotaja ni ya skrubu pekee au ni pamoja na kifuniko. Asiyepiga picha ya eksirei kabla ya kutoboa, mkimbie. Mkimbie pia fundi wa mtaani anayegandisha jino la plastiki kwa meno ya jirani kwa siku moja. Halisafishiki, na baada ya muda meno yaliyolishika nayo huoza.

Mzazi naye asisahau kuwa jino la kwanza la kutafunia la ukubwani huota mtoto akiwa na miaka sita hivi, nyuma kabisa ya meno ya utoto, bila kungoja lolote ling'oke. Wengi hulidhani ni la utoto na kuliacha lioze.

Na kuna pandikizi lisilonunuliwa. Mtoto akigongwa uwanjani na jino la ukubwani liking'oka zima, litafuteni. Lishike upande mweupe wa kutafunia, usiguse mzizi. Kama ni chafu lisuuze haraka kwa maziwa au maji safi bila kulisugua, ulirudishe mahali pake, na mtoto aume kitambaa. Ukishindwa, liweke ndani ya kikombe cha maziwa baridi, si karatasi wala maji, na mfike kwa daktari wa meno haraka, ikiwezekana ndani ya nusu saa. Likirudishwa mapema linaweza kushika tena. Jino la utoto halirudishwi, kwa sababu kulisukuma ndani kunaweza kuliumiza la ukubwani linalosubiri chini yake.