Mguu Mbovu, Kifua Kizito: Bado Unaweza Kuanza Mbio



Kama unakaa Mapendo, hapa Goma, unawasikia siku ya Mungu mapema, jua halijapanda bado: vijana wanapita na futingi, wanaimba, wanapiga mikono. Wewe unageuka kitandani. Unajiambia: «Ile iko ya vijana. Mimi goti linauma, tansiyo iko juu, na kifua changu kilibaki kule shimoni.» Lakini ndani ya roho unawaonea wivu kidogo. Usikatae, tuko wengi.

Tena kuna jambo lingine, na hili ni la kwetu. Hapa Goma neno «kukimbia» lina maana ya kuokoa roho. Tulikimbia moto wa Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002. Tarehe 22 Mei 2021 moto ukatoka tena usiku, na siku tano baadaye mitaa 10 ya mji kati ya 18 ikaamriwa kuhama, Mapendo ikiwa ndani. Watu wengi walienda Sake kwa miguu, karibu kilomita 25, godoro kichwani, mtoto mgongoni. Mwezi wa Januari 2025 ikawa vita. Siku kama hizo mwenye mguu mgonjwa anaelewa maana ya kuachwa nyuma. Basi mama akikuambia, «Mimi nimekimbia ya kutosha», usimcheke. Mbio ninazosema hapa ni za namna nyingine: hakuna kitu nyuma yako, na unasimama pale unapotaka.

Sikia kwanza habari ya Henry Wanyoike wa Kenya. Mwaka 1995, akiwa kijana, alilala akiona vizuri. Usiku ule kiharusi kikamshika, akaamka haoni. Miaka mitano baadaye, kwenye michezo ya walemavu ya Paralimpiki kule Sydney, alikimbia mita 5,000 pamoja na mwenzake mwenye macho, wameunganishwa na kamba. Yule mwenzake malaria ilikuwa imemshika, na nguvu zikamwisha katikati ya mbio. Kipofu ndiye aliyemvuta mwenye macho mpaka mwisho, akapata medali ya zahabu. Mwaka 2004, kule Athens, akapata zingine mbili. Utasema: huyo alikuwa mkimbiaji tangu zamani. Ni kweli, na sikuahidi medali. Nataka tu uikumbuke ile kamba, tutairudilia.

Sasa tuje kwako. Mbele ya yote, pita kwenye kituo cha afya wapime tansiyo. Wakikuambia 14 na 9 ao zaidi kidogo, kwa kawaida kutembea na kukimbia polepole kutakusaidia, lakini fuata neno la munganga na usiache dawa. Wakikuambia 18 na 11, hapana kukimbia. Anza na matunzo. Vilevile kama kifua kinakubana ukipanda kilima, kama unaanguka na kizunguzungu, ao kama uko na sukari na kidonda mguuni, muulize munganga kwanza.

Nanyi mliofanya kazi ya shimo, iwe Rubaya, Walikale ao Kolwezi, neno lenu liko peke yake. Vumbi ya jiwe inapoingia mapafuni miaka na miaka inaacha makovu, na makovu yale hayatoki, hata kwa maziwa, hata kwa pombe ya asubuhi wanayosifu wazee wa machimbo. Kama unakohoa wiki mbili na zaidi, nenda upimwe kifua kikuu. Usijifariji kwamba ni vumbi tu. Kama walikwisha kukuambia mapafu yamegusika, pumzi yako ni fupi na itabaki fupi, lakini miguu ikizoea kazi, itatumia pumzi ile ndogo vizuri zaidi. Kwa wengine kazi yote itakuwa kutembea. Haina haya.

Ukianza, usianze kwa kukimbia. Wiki mbili za kwanza tembea tu, mara tatu kwa wiki, dakika 20 mpaka 30, mwendo wa mtu anayechelewa misa. Halafu ingiza mbio kidogo: dakika moja unakimbia, dakika mbili unatembea, mara sita ao nane, basi unarudi nyumbani. Huna saa? Salamu Maria tatu ni karibu dakika moja. (Ndugu zetu Waprotestanti watahesabu hatua, na Mungu atawasikia vilevile.) Kipimo cha mwendo ni hiki: kama huwezi kusema Baba Yetu kwa sauti bila pumzi kukatika, unakwenda mbio kupita mwili wako. Punguza. Karibu kila mtu anayeanza anaharibu hapa. Anamuona kijana wa miaka 18, anamfuata, na kesho yake goti limevimba, anasema mbio ni mbaya.

Misuli kuuma siku mbili ni kawaida. Maumivu makali ndani ya kiungo, uvimbe, ao kuchechemea kuliko jana, hapo pumzika. Kifua kikiuma, simama palepale.

Mguu mmoja ukiwa mfupi ao dhaifu kwa sababu ya polio, mwangalie kwanza mwenye chukudu: anasukuma mzigo wa magunia kwa mguu mmoja tu. Mama mmoja Mmarekani, Wilma Rudolph, alishikwa na polio utotoni akavaa chuma mguuni. Mama yake na ndugu zake waliukanda ule mguu kwa zamu, kila siku. Mwaka 1960 kule Roma akapata medali tatu za zahabu. Na aliyekatwa mguu asifanye majaribio peke yake. Mguu wa bandia wa kawaida umetengenezwa kwa kutembea, na ukikimbia nao bila kuelekezwa unaweza kuchubua kisiki. Waulize wale wa Shirika la Umoja hapa Goma, ndiyo kazi yao.

Njia zetu pia zina hila. Jiwe la volkano linageuza kifundo cha mguu mara moja, kwa hiyo chagua lami ao uwanja, na utoke wakati kumekwisha kupambazuka, mbele motari hawajaamka wote. Viatu vya mitumba vinafaa, ila piga kidole ndani: kama pamba ya chini imekufa, acha. Na ukienda upande wa Himbi, Lac Vert ao Bulengo, usishuke kwenye mabonde ya chini asubuhi. Mazuku, hewa ile nzito inayotoka ardhini, hujikusanya pale usiku wakati hakuna upepo. Haionekani, na inaua mtu kama inavyoua mbuzi.

Tumefika kwenye kamba. Kinachowarudisha watu kitandani mara nyingi ni haya kuliko goti. Watoto wa mtaa watakuita «kocha», jirani atauliza kama unafukuzwa. Ukiwa peke yako utavumilia siku mbili. Basi tafuta mtu mmoja mwenye mwendo kama wako, katika shirika lenu, sokoni, ao mume wako mwenyewe kama atakubali kuamka. Mpatane siku na saa, mkutane mlangoni kwa mmoja wenu. Na siku goti litakapokataa, msirudi kulala: tembeeni zile dakika 20, mkizungumza habari za nyumbani, halafu mkanywe chai.