Unauza leotadi? S, M na L hazitoshi!

Leotadi ni ile nguo ya kubana ya kipande kimoja, haina miguu, wanavaa wanasarakasi na wacheza jimnastiki. Jina limetoka kwa Jules Léotard, Mfaransa aliyepata umaarufu kwa kuruka bembea za sarakasi Paris mwaka 1859. Ikifunika mpaka miguuni inaitwa yunitadi.

Sasa kazi iko hapa. Blauzi ikiwa fupi mteja anaivuta chini, maisha yanaendelea. Leotadi huivuti popote, imeshika bega juu na mapaja chini. Ikiwa fupi inakata mabega, ikiwa ndefu inajikunja tumboni. Mzigo unarudi, nauli inakula faida yako.

Kwa hiyo kabla hujapokea hela, omba vipimo 3:

1. Kifua
2. Nyonga
3. Mzunguko wa kiwiliwili: tepu ianzie begani, ishuke mbele, ipite katikati ya miguu, ipande mgongoni, irudi bega lile lile.

Vikipishana, fuata namba 3. Upana kitambaa kitavutika, urefu ndio unaoleta kesi.

Pima na mzigo wako leo, uandike kwenye posti. Wengi hawaandiki!