Meno Yasipokutana: Lini Tumtibu Mtoto?

Gego la kwanza la ukubwani huota mtoto akiwa na umri wa miaka 6 hivi, nyuma ya magego yote ya utotoni, bila kusubiri jino lolote ling'oke. Ndiyo maana wazazi wengi hulidhania la utotoni, wakaliacha lioze. Gego hilo halina jingine la kulirithi. Likishatokeza, yaani kati ya miaka 6 na 7, ndipo mtoto apelekwe kutazamwa jinsi meno yanavyokutana.

Mzazi mwenyewe anaweza kuanza uchunguzi nyumbani. Mwambie mtoto aume kwa magego, kisha umwinue midomo. Meno ya mbele ya juu yanapaswa kufunika kidogo yale ya chini. Ukiona jino la juu limejificha nyuma ya la chini, au taya linateleza upande mmoja kila anapofunga kinywa, usingoje meno yote yaishe kubadilika. Jino lililonaswa hivyo husagika na kuumiza ufizi, na taya lililozoea kwenda upande laweza kukua limepinda. Mara nyingi kifaa cha plastiki chenye springi, cha kuvaa na kuvua, humaliza kazi kwa miezi michache. Kaakaa jembamba nalo hupanuka kwa urahisi utotoni, kwa kuwa mifupa yake miwili bado haijashikana sawasawa. Baada ya kubalehe kazi huwa ngumu.

Meno ya juu yaliyochomoza mbele ni jambo jingine, na hapa nawasihi wazazi wasiharakishe kutumia fedha. Tafiti zilizolinganisha watoto waliotibiwa mapema na waliosubiri ujana zimeonyesha kwamba mwishoni meno hupangika karibu sawa. Faida iliyo wazi ya kuanza mapema ni kupunguza ajali za meno ya mbele kuvunjika. Mtoto anayeanguka mara kwa mara, au anayechekwa shuleni hadi anaficha mdomo, nitakubali aanze. Mwingine asubiri. Anayenyonya kidole asaidiwe kuacha kabla meno ya mbele ya ukubwani hayajaota, kwa upole, bila pilipili wala viboko.

Kuna madhara mengine ambayo hutangulia hata meno yenyewe. Magharibi mwa Kenya, na ng'ambo ya mpaka wa Malaba nchini Uganda, mtoto mchanga akihara na kupata homa, wapo wanaolaumu uvimbe mweupe wa ufizi: huku huitwa meno ya plastiki, Uganda ebinyo, Tanzania meno ya nailoni. Hufukuliwa kwa spoku ya baiskeli au kisu. Kinachotolewa ni chonge changa, jino la kawaida kabisa. Mtoto aweza kuvuja damu hadi kufa, au kupata pepopunda. Akinusurika, chonge la ukubwani lililokuwa likiundwa jirani huenda likaota na kasoro au lisiote, na meno ya mbele yakasogea kujaza pengo. Ufizi huo hauna kosa lolote. Mtoto anayehara anahitaji maji ya chumvi na sukari ya hospitali, vidonge vya zinki, na kupelekwa kwenye zahanati upesi.

Ung'oaji wa magego ya utotoni nao unahitaji tahadhari. Kila moja hushika nafasi ya jino litakalolifuata, kama kiti cha matatu ya Malaba: ukiinuka kabla mwenzako hajafika, abiria mwingine atakikalia. Likiong'olewa mapema, gego la miaka 6 husogea mbele, na jino halali likija hukosa pa kutokea. Meno haya huanguka yenyewe kati ya miaka 9 na 12, kwa hiyo yanayozibika yazibwe. Ikiwa mojawapo limeoza mno na lazima liondolewe, mwulize daktari wa meno kabla hajachoma sindano: mrithi wake ataota lini? Akisema bado zaidi ya miezi 6, mwulize pia kuhusu waya mdogo wa kuhifadhi nafasi.