Akaunti Mama na Akaunti Tanzu: Nani Hulipia Mtandao wa Jengo la Maduka Nakivubo?

Miongoni mwa istilahi za teknohama zinazowasumbua wanafunzi wetu wa tafsiri ni zile za akaunti za wateja zilizopangwa kwa ngazi, yaani akaunti moja kuwa juu na nyingine kuwa chini yake. Programu za wasimamizi wa mitandao huziita akaunti hizo kwa maneno ya kifamilia ya Kiingereza, mzazi na mtoto, na mfasiri mwenye haraka huyahamisha yalivyo. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba maneno hayo yanaficha jambo ambalo mwenye duka anahitaji kulijua kuliko mengine yote: deni la nani linaweza kumkatia nani mtandao.

Tumechagua mfano wa Nakivubo, katikati ya Kampala, kwa sebabu hapo mpango wa ngazi huonekana kwa macho. Pana uwanja wa mpira ulioanza mwaka 1926, ambao sasa, baada ya kujengwa upya, unaitwa Hamz, na maduka yameuzunguka. Jirani yake pana soko la Mtakatifu Balikuddembe, ambalo wengi bado huliita Owino. Wanunuzi hutoka hadi Kongo, na Kiswahili husikika kando ya Kiganda. Ujumbe wa Kiswahili katika simu ya mchuuzi wa hapo hausomwi kama zoezi la darasani. Husomwa ili ajue kama leo atauza au hatauza.

Tuseme basi kuna jengo moja la ghorofa lenye maduka 12. Mwenye jengo ameingiza laini ya intaneti ya megabiti 30 kwa sekunde, na wapangaji wote wanapata huduma kupitia humo. Katika programu ya kampuni ya mtandao, kila mmoja ana akaunti yake, nayo ni kama kadi ya mteja: jina, simu, mahali alipo, kifurushi, kifaa alichofungiwa, salio au deni, na hali ya huduma, yaani kama iko wazi au imesimamishwa. Ngazi huongezwa kwa kujaza nafasi moja tu katika kadi hiyo: akaunti hii iko chini ya ipi? Kwa kawaida nafasi hiyo hupokea jibu moja. Tena akaunti haiwezi kuwekwa chini ya akaunti iliyo chini yake yenyewe, kwani programu ikianza kumtafuta mlipaji ingezunguka bila kufika.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hudhani kazi imekwisha. Kumbe kujaza nafasi ile hakujasema bado ni nani analipa. Msimamizi anaweza kuamua kwamba ankara za maduka yote 12 zikusanywe katika akaunti ya jengo, mwenye jengo alipe mara moja, kisha adai sehemu yake kwa wapangaji pamoja na kodi ya pango. Anaweza pia kuamua kwamba kila duka lipokee ankara yake na kulipa lenyewe kwa simu. Katika hali zote mbili mchoro wa ngazi ni uleule, lakini deni limekaa mahali tofauti kabisa.

Tazama sasa mfano wa pili. Mfanyabiashara mmoja ana duka karibu na uwanja, kibanda Owino, na ghala Kikuubo. Waya zake hazikutani popote isipokuwa kwenye mitambo ya kampuni ya mtandao, ila akaunti zake tatu ziko chini ya moja kwa sababu mlipaji ni mmoja. Kwa hiyo mti wa akaunti si mti wa waya. Tunalisisitiza hili kwa kuwa michoro ya vitabuni huichanganya miti hiyo miwili, na fundi anayeichanganya hukata mahali pasipo na deni.

Kasi, kwa upande wake, hufuata waya. Laini ya jengo ina megabiti 30; kila duka likiwekewa kikomo cha megabiti 5, jumla ya vikomo ni 60. Hesabu hiyo haina kosa, kwani maduka yote hayavuti kwa nguvu dakika ileile. Yakifanya hivyo, kikomo cha juu ndicho kinachoshinda na kila duka hupunguziwa.

Turudi kwenye maneno. Kwetu, mzazi humlea mtoto na kumlipia ada. Mpangaji akisoma kwamba duka lake ni “akaunti mtoto”, ana haki ya kuelewa kwamba aliye juu ndiye anayelipa. Pengine sivyo. Kisha kuna upatanisho wa kisarufi. Katika “akaunti mzazi imefungwa”, neno kuu ni akaunti, na kitenzi kinafuata ngeli yake. Lakini nafasi kwenye skrini ni finyu, mfasiri huacha neno la kwanza, na ujumbe hutoka “Mzazi amefungwa kwa deni”. Msomaji wa Kiswahili ataelewa kwamba mzee wa watu yuko gerezani.

Lugha ya biashara ina jozi inayofaa zaidi: kampuni mama na kampuni tanzu. Kila mtu anajua kwamba kampuni tanzu huweza kuwa na vitabu vyake vya hesabu na madeni yake. Tunapendekeza akaunti mama na akaunti tanzu. Neno mama nalo ni la ukoo, hatukatai, lakini katika “lugha mama” na “kampuni mama” limekwisha kuachana na mambo ya kulea na kulipia. Na kwa wanafunzi wa fasihi, tanzu si neno geni. Wanajua kwamba fasihi simulizi ina tanzu, na chini ya utanzu wa semi kuna vipera kama methali na vitendawili. Tofauti ni kwamba wahakiki wanaweza kubishana kama utungo fulani uko katika utanzu huu au ule. Programu haina subira hiyo.

Neno jingine la kuangaliwa ni kurithi. Akaunti tanzu hurithi kutoka juu siku ya kutoa ankara, bei ya kifurushi, na kiwango cha Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambacho Uganda ni asilimia 18. Je, inarithi deni? Haipaswi. Mpangaji akihama, fundi mvivu hubadilisha jina katika kadi ya zamani badala ya kufungua mpya, na mpangaji mgeni anaanza biashara akiwa na deni la mtu asiyemjua. Kadi ya zamani ifungwe pamoja na deni lake, na anayeingia afunguliwe yake.

Lililo zito zaidi ni kusimamishwa huduma. Programu nyingi zina chaguo la kuteremsha hali: akaunti mama ikisimamishwa, zote zilizo chini yake husimama pia. Kwa yule mwenye maduka matatu, chaguo hilo ni sahihi. Kwa jengo ambalo kila duka linalipa lenyewe ni dhuluma, kwani wakala wa fedha za simu aliyelipa jana anafungiwa kwa deni la mwenye jengo. Chaguo hilo lizimwe, na kifaa cha ofisi ya mwenye jengo kifungwe peke yake. Mti wa waya unaruhusu.

Na pale ambapo mkataba unaruhusu kukata jengo zima, angalau ujumbe useme ukweli. “Akaunti imesimamishwa, tafadhali lipa” humfanya aliyelipa alipe mara ya pili. Tunapendekeza wanafunzi wa mwaka wa tatu watafsiri hivi: “Malipo ya duka lako yamepokelewa. Huduma imesimamishwa kwa sababu ya deni la akaunti mama ya jengo. Wasiliana na mwenye jengo, usilipe tena.”