Mkataba na Kosa la Daawa: Sheria Katika Maisha ya Kila Siku

Ukipanda bodaboda, ukipeleka kitambaa kwa fundi cherehani au ukinunua soda dukani, tayari umeingia kwenye mambo ya sheria, hata kama hakuna karatasi iliyosainiwa. Mtahiniwa hupoteza alama katika mada hii anapochanganya aina mbili za wajibu. Wajibu wa kwanza hutokana na makubaliano ya watu wenyewe. Huo ni wa mkataba. Wa pili umewekwa na sheria kwa kila mtu, kwamba asimdhuru mwenzake. Ukivunjwa, limetendeka kosa la daawa. Yote mawili ni mashauri ya madai. Anayefungua shauri ni aliyepata hasara, si Jamhuri, na anachotafuta kwa kawaida ni fidia, si kifungo.

A. MKATABA

Tanzania Bara, mikataba inaongozwa na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Ili makubaliano yawe mkataba, kariri mambo haya:

(i) Ofa na ukubali. Mmoja anapendekeza, mwingine anakubali jambo lile lile.
(ii) Kubadilishana. Kila upande unatoa kitu: fedha, bidhaa au kazi.
(iii) Uwezo wa wahusika. Awe na miaka 18 au zaidi na akili timamu. Ukiwa na miaka 17 na mtu akakuuzia simu kwa mkopo, sheria haikuhesabu kuwa na uwezo wa kufunga mkataba huo.
(iv) Ridhaa huru. Pasiwe na vitisho, udanganyifu wala shinikizo.
(v) Lengo halali. Makubaliano ya kuuziana mtihani ulioibwa si mkataba, hata kama fedha zimelipwa.

Je, ni lazima mkataba uandikwe? Kwa mambo mengi, hapana. Makubaliano ya mdomo yana nguvu, ila shida huja kwenye ushahidi. Yapo mambo ambayo sheria inataka maandishi, mfano uuzaji wa ardhi. Kwa hiyo usiandike kwamba "mkataba wa mdomo si mkataba". Hilo ni kosa.

Tofautisha pia mkataba na ahadi ya nyumbani. Baba akisema atakununulia baiskeli ukifaulu, kwa kawaida mahakama haitaichukulia kuwa mkataba, kwa kuwa wahusika hawakukusudia kupelekana mahakamani.

Mfano wa 1

Mama Neema alikubaliana na fundi amshonee gauni la harusi kwa sh. 30,000. Alitanguliza sh. 10,000. Siku mbili kabla ya harusi fundi alimrudishia kitambaa kikiwa hakijaguswa, lakini fedha hakurudisha. Mama Neema alimpa fundi mwingine, ambaye kwa haraka ile alitoza sh. 45,000, bei iliyokuwa ya kawaida kwa kazi ya haraka. Anastahili fidia ya kiasi gani?

Jibu: Fundi wa kwanza amevunja mkataba. Fidia inalenga kumweka Mama Neema mahali ambapo angekuwa kama mkataba ungetekelezwa. Gauni lingemgharimu sh. 30,000. Limemgharimu 10,000 + 45,000 = sh. 55,000. Hasara yake ni 55,000 – 30,000 = sh. 25,000.

Anayejibu sh. 55,000 amesahau kwamba gauni alilipata, na kwamba hata mambo yangekwenda sawa angelipa sh. 30,000. Kumbuka pia kuwa fidia hailipwi kwa hasara ya mbali ambayo fundi hakuweza kuitarajia. Vilevile aliyeumia anatakiwa kuchukua hatua za kupunguza hasara, kama Mama Neema alivyofanya kwa kutafuta fundi mwingine.

B. KOSA LA DAAWA: UZEMBE

Makosa ya daawa ni mengi: kashfa, kero kwa jirani, kuingia kwenye ardhi ya mtu bila ruhusa. Linalotokea sana ni uzembe. Mdai lazima athibitishe mambo matatu:

1. Mdaiwa alikuwa na wajibu wa kuwa mwangalifu kwake.
2. Mdaiwa alivunja wajibu huo.
3. Uvunjaji huo ndio uliosababisha madhara.

Msingi wa wajibu huu ulitokana na kesi ya Donoghue dhidi ya Stevenson, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1932. Bi. Donoghue alinunuliwa kinywaji na rafiki yake huko Paisley, Scotland, mwaka 1928. Alidai kuwa ndani ya chupa mlikuwa na mabaki ya konokono, naye akaugua. Hakuwa na mkataba na muuzaji, maana si yeye aliyelipa. Hata hivyo iliamuliwa kwamba mtengenezaji ana wajibu wa uangalifu kwa mtumiaji wa mwisho. "Jirani" kisheria ni yeyote ambaye ungepaswa kumfikiria kwamba kitendo chako kinaweza kumdhuru.

Mfano wa 2

Dereva wa bodaboda, akiongea na simu, alimgonga mwanafunzi aliyekuwa akivuka kwenye kivuko. Abiria aliyembeba naye alianguka na kuvunjika mkono. Nani anaweza kudai, na kwa msingi gani?

Jibu: Mwanafunzi hana mkataba na dereva, atadai kwa uzembe. Abiria ana njia mbili: mkataba wa usafiri, na uzembe. Kama dereva ameajiriwa na ajali ilitokea akiwa kazini, mwajiri naye anaweza kuwajibika. Kama aliyeumia alichangia ajali kwa uzembe wake, fidia yake inaweza kupunguzwa.

C. TOFAUTI ZA KUKUMBUKA

- Chanzo cha wajibu: mkataba ni makubaliano, daawa ni sheria.
- Anayedaiwa: katika mkataba ni mhusika wa mkataba, katika daawa ni yeyote aliyevunja wajibu.
- Muda wa kufungua shauri: mkataba miaka 6, daawa miaka 3.

Zingatia

Swali likikupa kisa, jiulize kwanza: je, hawa wawili walikubaliana jambo? Kisha taja kanuni, ihusishe na kisa, ndipo utoe uamuzi. Jibu la "ana makosa" bila kanuni halitoshi.

Zoezi

Jirani amechimba shimo la choo kando ya njia na kuliacha wazi usiku. Mgeni wako ametumbukia na kuumia mguu. Eleza haki ya mgeni huyo. (Alama 10)